UZI: Watu 12 wasiojuana, wikendi moja, maeneo ya kihistoria ya Wamormoni Missouri na Nauvoo. Tupangeje?

Mratibu_Iowa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tuko 12, wengi tunaishi Des Moines na wachache Cedar Rapids. Tumekutana kwenye kundi la WhatsApp tu, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Kuna Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi. Saba ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (ndio Wamormoni), watano si waumini ila wanapenda historia. Kuna watoto wawili, wa miaka 5 na 7.

Mpango wa sasa: kutoka Des Moines Jumamosi alfajiri, Adam-ondi-Ahman, Far West, Jela ya Liberty, Independence, kulala. Jumapili Carthage na Nauvoo jimboni Illinois, kurudi nyumbani. Tunafikiria kukodi vani moja ya abiria 15. Naomba wenye uzoefu wa njia hizi watuambie: inawezekana? Gari gani? Na vitu gani huharibu safari ya namna hii?

---

Bonde_la_Missouri

Ndugu Mratibu, barabara inawezekana, ziara haiwezekani. Piga hesabu mwenyewe:

Des Moines hadi Adam-ondi-Ahman kwa barabara kuu ya I-35, maili 115 hivi, saa mbili. Adam-ondi-Ahman hadi Far West, maili 35. Far West hadi Liberty, maili 45. Liberty hadi Independence, maili 17. Mpaka hapo siku ya kwanza inakaa vizuri kabisa.

Tatizo ni Jumapili. Independence hadi Nauvoo ni maili 250, saa nne na robo bila kusimama. Mkiwa 12 na watoto, weka saa tano na nusu. Nauvoo hadi Des Moines ni saa tatu nyingine. Hata mkiondoka saa 12 asubuhi, mtafika Carthage karibu saa 6 mchana na mtabakiwa na saa tatu au nne kwa mji mzima wa Nauvoo. Hapo mtakuwa mmeuona kupitia dirishani.

Kwa siku mbili, chagueni upande mmoja: Missouri peke yake, au Carthage na Nauvoo peke yake. Mkitaka vyote viwili, ombeni ruhusa kazini Ijumaa muwe na siku tatu. Sioni njia ya nne.

Na mfuate mpangilio wa historia, Missouri kwanza, kisha Illinois. Mtu aliyeanza na nyumba nzuri za matofali za Nauvoo akaja kumalizia kwenye uwanja mtupu wa Far West hataelewa kwa nini watu wanalia pale. Aliyeanza Far West ataingia Nauvoo akijua walioijenga walikuwa wamefukuzwa jimbo zima.

---

Tairi_Nne

Vani ya abiria 15, hapana. Nasisitiza. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani imeonya kwa miaka mingi kwamba gari hilo likibeba watu 10 au zaidi hatari ya kupinduka inapanda sana. Sababu ni uzito: safu ya mwisho imekaa nyuma ya ekseli, mizigo nayo inawekwa huko huko, basi kitovu cha uzito kinarudi nyuma na kupanda juu. Dereva akivuta usukani ghafla kumkwepa kulungu, nyuma inayumba na gari linalala. Leseni ya kawaida inaruhusu kuliendesha (ya kibiashara inaanzia gari la watu 16 pamoja na dereva), na ndiyo maana watu hulichukua bila kulizoea.

Chukueni minivani mbili za viti 7. Watu 6 kila gari, kiti kimoja kibaki kwa mizigo. Faida nyingine: moja ikipata pancha, nyingine inakwenda kutafuta msaada.

Mafuta: mzunguko wote na vizunguko vidogo ni kama maili 700. Minivani iliyojaa inakwenda maili 22 kwa galoni, hivyo galoni 32 kila gari, 64 kwa yote mawili. Galoni ikiwa dola 3.50, jumla ni dola 224, yaani chini ya dola 19 kwa kila mtu.

Kabla ya kuondoka kwenye yadi ya kukodi: pima upepo kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, si namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, maana ile ni kiwango cha juu kabisa. Hakikisha kuna tairi la akiba. Minivani nyingi za siku hizi hazina, zina chupa ya gundi na pampu tu, na gundi haizibi tairi lililochanika ubavu kwenye changarawe. Piga picha pande zote nne, kioo cha mbele na mita ya mafuta.

Andikisheni madereva wawili kwa kila gari kwenye mkataba. Asiyeandikwa akishika usukani na ajali ikatokea, bima inaweza kukataa. Badilishaneni kila saa mbili. Na aliyeleta gari lake binafsi asitoze watu zaidi ya mgao wa gharama halisi, kwani akipata faida kampuni ya bima inaweza kumhesabu kama teksi.

Watoto wenu: mtapita majimbo matatu yenye sheria tofauti. Fuateni iliyo kali, wote wawili wakae kwenye viti vya watoto mwanzo hadi mwisho. Illinois inataka hivyo kwa kila mtoto chini ya miaka 8. Na kote katika majimbo hayo dereva haruhusiwi kushika simu mkononi. Anayesoma ramani awe wa kiti cha mbele.

---

Kitabu_na_Ramani

Naongeza la ramani, kwa sababu hapa ndipo misafara hupotezana. Kuna Carthage ya Illinois na Carthage ya Missouri, kusini kabisa mwa jimbo. Simu ikiwa Independence inaweza kukupa ile ya Missouri kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na itakupeleka kusini wakati wewe unakwenda kaskazini mashariki. Vilevile kuna Hamilton ya Missouri, kwenye barabara ya US 36, na Hamilton ya Illinois, ng'ambo ya daraja la Keokuk. Zote mbili ziko kwenye njia yenu! Far West nayo si mji tena, ni uwanja katikati ya mashamba.

Dawa yake: mratibu aweke kila kituo kama alama kwenye ramani, atume kiungo kwa madereva wote siku mbili kabla, na kila simu ipakue ramani ya kutumia bila intaneti. Bondeni Adam-ondi-Ahman mtandao ni hafifu.

---

Mwalimu_wa_Jumapili

Niwape cha kutazama upande wa Missouri, na muda wa kila mahali.

Adam-ondi-Ahman (saa moja na nusu). Ni bonde la mto Grand, kaunti ya Daviess, linalotajwa katika sehemu ya 116 ya Mafundisho na Maagano, kitabu cha maandiko cha kanisa, Mei 1838. Hakuna jengo la wageni wala duka. Kuna vilele vya kutazamia, Spring Hill na Tower Hill, barabara ya changarawe na vyoo vya kawaida kabisa. Msiendeshe zaidi ya maili 25 kwa saa, na gari la nyuma liache nafasi kubwa, vumbi na mawe madogo vinaharibu kioo.

Far West (dakika 45). Mawe manne ya pembeni ya hekalu yamefunikwa kwa vioo. Yaliwekwa tarehe 4 Julai 1838, hekalu likipangwa kuwa futi 110 kwa 80. Halikujengwa. Tarehe 27 Oktoba mwaka uleule Gavana Lilburn Boggs alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni, na amri hiyo ilifutwa rasmi mwaka 1976 tu, na Gavana Christopher Bond. Zungukeni uwanja kwa miguu, pembe hadi pembe, mtauona ukubwa wa kile kilichokatizwa.

Haun's Mill. Wamormoni 17 waliuawa pale tarehe 30 Oktoba 1838. Leo hakuna kinu wala nyumba, ni mti, nyasi na kijito cha Shoal. Iko kusini mwa Breckenridge, hivyo mnaweza kuiunganisha na safari ya US 36. Lakini barabara ya mwisho ni ya udongo. Mvua ikinyesha siku moja au mbili kabla, achaneni nayo. Minivani ya kukodi itazama kwenye tope, na gari la kuvuta linafika kwa saa nyingi.

Jela ya Liberty (saa moja). Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, kaka yake Hyrum na wenzao wanne walifungwa hapa kuanzia tarehe 1 Desemba 1838. Sidney Rigdon aliachiwa Februari, waliobaki walitolewa Aprili 1839. Jela imejengwa upya ndani ya jengo la wageni na upande mmoja umeachwa wazi, mnaona ukuta ulivyopangwa: mawe nje, magogo ya mwaloni ndani, mawe yaliyojazwa katikati, unene wote futi 4. Ndani ni kama futi 14 kwa 14. Pimeni chumba hicho kwa hatua zenu kisha msome sehemu za 121 hadi 123, ambazo zilitoka kwenye barua iliyoandikwa mle. Zisomeni kwa Kiswahili, zipo kwenye programu ya simu ya kanisa, Maktaba ya Injili.

Independence (saa mbili). Hapa wageni wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo waelezeni wenzenu mapema garini. Uwanja wa hekalu uliowekwa wakfu tarehe 3 Agosti 1831 unashikiliwa na kanisa dogo liitwalo Church of Christ, la Temple Lot. Hekalu lenye mnara uliojipinda kama kombe la baharini ni la Community of Christ, na lilizinduliwa mwaka 1994. Kituo cha wageni cha Watakatifu wa Siku za Mwisho kiko jirani. Makanisa matatu yanatoka kwenye mzizi mmoja, yamegawana makutano ya barabara. Wenyeji wa yote matatu watawapokea vizuri, lakini mtu asiende kubishana nao kuhusu nani mrithi halali wa Joseph Smith.

---

Swali_Gumu

Asante Mwalimu. Wapo wasio waumini katika kundi kama hili ambao watauliza kuhusu Waafrika na kanisa hili. Ijibiwe vipi bila kuficha na bila ugomvi?

---

Mwalimu_wa_Jumapili

Ijibiwe kwa tarehe, mahali penyewe.

Independence: Missouri lilikuwa jimbo la utumwa. Julai 1833 gazeti la kanisa lilichapisha makala kuhusu watu huru wenye asili ya Afrika, wenyeji wakaiona kama mwaliko wa kuwaleta watu hao. Tarehe 20 Julai umati ukabomoa nyumba ya uchapishaji. Haikuwa sababu pekee ya chuki, ardhi na kura zilikuwamo pia, lakini ni sehemu ya kisa.

Nauvoo: Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa katika ukuhani mwaka 1836 na aliishi Nauvoo akiwa seremala. Jane Manning, mwanamke huru mweusi kutoka Connecticut, alinyimwa usafiri wa chombo akiwa Buffalo na ndugu zake, wakatembea kwa miguu hadi Nauvoo mwaka 1843. Akafanya kazi Mansion House, nyumba ya Joseph na mkewe Emma. Nyumba hiyo mtaingia. Msimuulize mwongoza wageni kwa mafumbo, mtajeni Jane kwa jina.

Kisha mwaka 1852 Brigham Young, aliyeongoza kanisa baada ya Joseph, akatangaza kwamba wanaume weusi hawatapewa ukuhani, na zuio hilo likadumu hadi Juni 1978. Leo kuna hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025. Yote haya ni kweli kwa pamoja, na mtu mzima anaweza kuyasikia yote.

---

Bonde_la_Missouri

Mkichukua siku tatu, msipite njia ya Keokuk kwenda. Kutoka US 36 vukeni Hannibal mwende Quincy, Illinois, ndipo mpande kaskazini hadi Carthage. Wakimbizi waliofukuzwa Missouri majira ya baridi ya 1838 na 1839 walivuka Mississippi na kupokelewa na watu wa Quincy, mji uliokuwa na wakazi wachache kuliko wageni walioingia. Wenyeji hawakuwa wa imani yao. Waliwapa vyumba, kazi na chakula. Kwa kundi lenye Wakongo na Warundi, naona kusimama Quincy nusu saa kando ya mto kuna uzito ambao Mmarekani wa kawaida haupati.

---

Matofali_Mekundu

Upande wa Illinois ni wangu.

Carthage kwanza, saa moja. Joseph na Hyrum waliuawa hapa, ndani ya jela ya mji, tarehe 27 Juni 1844, mnamo saa 11 jioni. Wenzao wawili walikuwamo: John Taylor alijeruhiwa, Willard Richards akapona. Chumba kiko ghorofani, ngazi ni nyembamba na zimesimama wima, mwenye magoti mabaya ajue mapema. Mlango wenye tundu la risasi upo. Watoto wadogo waandaliwe kwa maneno laini kabla ya kupanda, si wakiwa ngazini.

Nauvoo, anzeni kituo cha wageni hata kama mnajua historia, kwa sababu tiketi za bure za mkokoteni wa farasi hutolewa pale na huisha mapema siku za watu wengi. Kila nyumba inachukua dakika 20 hadi 30. Kwa alasiri moja msichukue zaidi ya tano. Mimi ningechagua hizi: duka la mhunzi, kiwanda cha matofali (mnapewa tofali dogo bure), Red Brick Store, ambako ghorofani Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama ulianzishwa tarehe 17 Machi 1842, kisha Mansion House na makaburi ya Joseph, Hyrum na Emma ukingoni mwa mto. Malizieni kwa kutembea mtaa wa Parley hadi majini, njia waliyoondokea kuanzia Februari 1846. Njia hiyo msiiendee kwa gari.

Angalizo kwa wanaotumia vitabu vya zamani: Red Brick Store, Mansion House na Homestead (nyumba ya kwanza ya Joseph pale) zilikuwa mali ya Community of Christ na ziara zake zilikuwa za kulipia. Machi 2024 ziliuzwa kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, na sasa ni bure.

Hekalu la leo lilizinduliwa tarehe 27 Juni 2002, mfano wa lile lililochomwa moto mwaka 1848 na kuangushwa na kimbunga mwaka 1850. Kuingia ndani ni kwa wenye kibali cha hekaluni tu, na hufungwa Jumapili na Jumatatu. Waumini saba mkitaka kuingia, wekeni miadi ya Jumamosi na mtenge saa mbili na nusu. Hapo wale watano wasikae kwenye maegesho wakisubiri, wapangiwe nyumba za kutembelea. Uwanja wa nje uko wazi kwa kila mtu.

Jumapili nyumba huchelewa kufunguliwa kwa sababu ya ibada. Julai kuna maonyesho makubwa ya jukwaani na vyumba hujaa miezi kabla. Mkikosa Nauvoo, laleni Keokuk au Fort Madison. Daraja la Fort Madison lina ushuru na huzunguka kupisha matishari ya mtoni, hivyo mnaweza kusimamishwa dakika 20 na zaidi. La Keokuk ni bure na halifunguki.

---

Jiko_la_Safari

Kati ya Adam-ondi-Ahman na Liberty sehemu za kula ni chache. Siku ya kwanza bebeni: maji lita 2 kwa kila mtu mzima, chapati 3 kwa kichwa, mayai ya kuchemsha, ndizi, na maharage makavu au nyama iliyokaushwa vizuri bila mchuzi. Mchuzi kwenye gari la kukodi ni faini ya usafi. Pilau inachacha upesi kwenye joto, isipokuwa mkiwa na boksi la barafu. Sambusa za jana nazo zinahitaji barafu.

Jazeni mafuta na mtumie choo Cameron, pale I-35 inapokutana na US 36.

Nyasini vaeni suruali ndefu, chomekeni kwenye soksi, mpake dawa ya wadudu. Kupe wapo kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Jioni kagueni nyuma ya magoti, kwapani na nywele za watoto. Mmea wenye majani matatu matatu usiguswe, unawasha kwa siku nyingi.

Waumini hawanywi kahawa, chai nyeusi wala pombe. Wanaokunywa kahawa wanunue kituoni, hakuna atakayewakataza, ila pombe na sigara zisiingie garini wala maeneo hayo.

---

Katibu_wa_Msafara

Sasa la watu wasiojuana. Kuna mambo sita yanayovunja kundi, na la kwanza ni saa.

Mtanzania akiandika "saa 12 asubuhi" anamaanisha jua linachomoza. Mkongo aliyezoea saa za Kifaransa anaweza kusoma 12 akaja mchana. Mkenya ataelewa, lakini atauliza. Andikeni namba za Kimarekani peke yake, "6:00 AM", na mseme "gari linaondoka" badala ya "tukutane". Subira ni dakika 15, iwe imekubaliwa kwa maandishi.

Pesa: mchango wote ulipwe siku 10 kabla, kwa mweka hazina ambaye si mratibu. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, ikibaki irudishwe. Anayejitoa baada ya siku hiyo harudishiwi sehemu ya gari na chumba, kwa sababu gharama hiyo haipungui. Risiti zipigwe picha na kuwekwa kundini usiku uleule.

Vyumba: watu wanne kwa chumba chenye vitanda viwili ni vyumba vitatu. Ulizeni kila mtu faraghani kabla ya kugawa. Mwanamke asiyemjua mtu yeyote asiwekwe na familia ya wengine bila ridhaa yake.

Taarifa: kila mtu ampe katibu bahasha iliyofungwa yenye namba ya ndugu wa kupigiwa, dawa anazotumia na mzio. Hufunguliwa kwa dharura tu, na hurudishwa mwisho wa safari. Fanyeni kikao kimoja cha ana kwa ana wiki moja kabla, hata nusu saa maktabani. Asiyefika bila sababu, mfikirieni upya.

Dini: garini kila gari liwe na mchanganyiko wa waumini na wasio waumini. Wamisionari wanaoongoza ziara wanaweza kuomba namba ya simu ili wawatembelee. Kusema "asante, hapana" kunatosha, na mwenzako asijibu kwa niaba yako.

Lugha: ziara ni za Kiingereza. Mteue mkalimani mmoja kwa kila kituo, amwambie mwongoza wageni mwanzoni aseme sentensi mbili halafu asimame. Ziara ya dakika 30 itakuwa 50. Ongezeni muda huo kwenye ratiba. Pigeni simu wiki moja kabla, mseme mko wangapi na mnatumia lugha gani.

---

Mratibu_Iowa

Nimewasikia. Tumekubaliana siku tatu na minivani mbili. Rasimu:

Ijumaa: gari linaondoka 6:00 AM. Adam-ondi-Ahman 8:15 hadi 9:45. Far West 10:45 hadi 11:30. Chakula na Jela ya Liberty 12:45 hadi 2:30. Independence 3:00 hadi 5:00. Kulala hapo hapo.

Jumamosi: 7:00 AM. Haun's Mill kama ni kukavu. Quincy 12:30. Carthage 2:00 hadi 3:00. Nauvoo 3:45, mtaa wa Parley na makaburi. Kulala.

Jumapili: ibada kwa wanaotaka, nyumba za Nauvoo baadaye, kuondoka 3:00 PM.

Miadi ya hekaluni tumeiacha, waumini wamekubali kurudi siku nyingine. Kuna kasoro?

---

Bonde_la_Missouri

Moja. Mkiingia Haun's Mill mtatumia saa moja na nusu pamoja na kutoka barabarani, hivyo Quincy itakuwa karibu saa 8 mchana na Carthage mtagonga muda wa kufunga. Amueni Ijumaa usiku baada ya kutazama mvua: ama Haun's Mill na kuondoka 5:30 AM, ama Quincy bila Haun's Mill. Msiache uamuzi huo hadi mfike njia panda ya Breckenridge.

---

Tairi_Nne

Na Jumapili ondokeni 2:00 PM kama ni Oktoba au Novemba. Jua linazama mapema na kulungu hutoka jioni kwenye mashamba ya mahindi kati ya Fort Madison na Ottumwa. Akitokea mmoja mbele, funga breki ukiwa kwenye mstari wako, usikwepe, na tegemea wa pili nyuma yake.

---

Mratibu_Iowa

Tunakwenda na Quincy. Haun's Mill tumeiondoa, na Jumapili tunaondoka 2:00 PM. Kikao cha ana kwa ana ni Jumamosi ijayo, bahasha nimeshanunua 12.